Nyota za Watu Wasiomjua Mama

Mama yetu alikuwa anatoka kwenye kaseti siku ya Idi, baada ya pilau. Baba alileta redio yake sebuleni, akaiweka juu ya stuli, akaifuta vumbi la Newala kwa kiganja, kisha akatutazama mimi na mdogo wangu mpaka aridhike kwamba tumetulia. Akibonyeza, kwanza tulisikia mkwaruzo kama mafuta yanayochemka jikoni kwa jirani. Halafu mama anaanza kugomba.

"Nani kaacha pipa wazi? Nauliza, nani? Maji haya mmeyateka nyie? Miguu iliyoteremka bondeni ni miguu yenu?"

Hapo baba anazima. Tulijua ndio mwisho wa mama. Baba alituambia kwamba mjomba alikuwa anaijaribu redio siku ile, mama akapita na ugomvi wake, akanaswa. Watoto wengine walikuwa na picha za mama zao za harusi. Sisi tulikuwa na ugomvi wa pipa la maji, na aliyekulia Newala hatatucheka, maana kule juu maji hayamwagwi hovyo. Enzi za mama ulikuwa unateremka ukingo mzima wa mlima mpaka bondeni, unateka, unapanda na ndoo kichwani jua likikuchoma utosi.

Mama alifariki siku chache baada ya kumzaa mdogo wangu. Mimi nilikuwa ndio kwanza naanza shule. Nilipelekwa Masasi kwa mama mdogo hata kabla ya mazishi, na arobaini ikasomwa nikiwa huko huko, nachezeshwa ili nisiulize maswali. Kwa hiyo mdogo wangu alimjua mama kwa kaseti tu. Mimi nilikuwa na kumbukumbu, au ndivyo nilivyoamini. Nimeolewa, nimezaa, nimefungua kibanda changu cha ushonaji Mkomaindo, Masasi, na sauti ile haikuniacha. Mtoto akimwaga maji uani, naisikia nyuma ya shingo yangu: nani kaacha pipa wazi? Mara nyingine hakuna mtoto wala maji, niko peke yangu na cherehani, nayo inakuja wazi kabisa mpaka nageuka. Sikumwambia mtu. Fundi anayegeukia mlango mtupu, nani atamwachia kitambaa chake?

Redio ya baba ilipokufa, kaseti ikafungwa kwenye mfuko wa nailoni, ikalazwa sandukuni. Idi zikaja na kupita bila mama. Tukazoea, au tukajifanya tumezoea.

Halafu mdogo wangu akashika mimba yake ya kwanza. Yeye ni mwalimu, anakaa Newala hatua chache kutoka kwa baba, mtoto mpole, si kama mimi. Siku moja akanipigia simu mchana, nikadhani anataka nimshonee dera.

"Dada, naogopa."

"Unaogopa nini? Wanawake wote wanazaa."

"Mama naye alikuwa mwanamke."

Nikaondoa mguu kwenye cherehani.

"Nataka nimsikie kabla sijaingia leba," akasema. "Nikiingia bila kumsikia, dada, mimi sitoki."

"We! Koma kabisa! Ulimi huumba!" Nilimfokea kweli kweli, kisha nikakata simu. Lakini uzi ukakataa kupita kwenye tundu la sindano. Nilifunga kibanda mapema siku ile.

Nilipanda Newala kuichukua kaseti. Baba hakutaka kuitoa. "Kanda imezeeka hiyo, mtaikata," akasema, na alipoona sitoki akafungua sanduku polepole mno. Nikateremka nayo Masasi kwa fundi redio mmoja karibu na soko. Alikaa nayo, akanirudishia pamoja na flashi.

"Mama, nimeitoa yote, mwanzo mpaka mwisho," akaniambia. "Ila spika zangu zimechoka, nasikia mchanga tu. Sauti ya mtu imo ndani humo. Tafuta spika nzuri."

Nikajaribu kwenye simu yangu. Mchanga. Kwenye redio ya jirani, mchanga pia, na ndani ya mchanga kitu kinachogomba. Mdogo wangu alikuwa ameingia mwezi wake wa mwisho.

Basi nikaingia kwenye maduka ya simuni, yale ya kuagiza mzigo ukaja na basi. Sijawahi kununua spika maishani. Nifanye nini? Nikatazama nyota walizotoa wanunuzi, kama anavyofanya kila mtu. Ipo moja ilikuwa imejaa nyota tano mpaka chini, watu wanaisifia utadhani wamelipwa. "Moto wa kuotea mbali!" "Dirisha linatikisika, jirani kahama." Nikasema hii hii. Watu wote hawa hawawezi kukosea.

Ilifika, nyeusi, nzito, ina taa zinazowakawaka kama za ukumbi wa harusi. Ndani ya boksi kulikuwa na kikaratasi: tupe nyota tano upate punguzo safari ijayo. Nilikisoma nikakunja uso. Kumbe!

Tuliiwasha Newala, mdogo wangu ameketi kwenye zulia ameegemea ukuta. Sauti ya mama ikaja kama mtu anayeongea akiwa ndani ya mtungi, mnene, bila midomo. Pu, pu, pu. Alipomaliza pipa lake, kukafuata mngurumo mrefu usio na maana. Mdogo wangu alisikiliza mpaka machozi yakamtoka.

"Huyu si mama," akasema. "Hili ni jini."

Nilirudi Masasi nimevimba kwa hasira. Wale wa dirisha na jirani hawakudanganya, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Walisema ukweli mtupu kuhusu muziki wao. Hakuna hata mmoja aliyenunua spika ili amsikie marehemu, na mimi mtu mzima nikawauliza wao.

Nikakaa na simu yangu nikazisoma nyota upya, safari hii kwa jicho la cherehani. Maana mambo ya kusifiwa nayajua. Mteja akivaa gauni mbele ya kioo changu anaruka ruka, "Fundi, Mungu akuweke!" Lakini gauni halijulikani siku hiyo. Linajulikana likishafuliwa, likishakaa juani, likishavaliwa na mtu aliyeshiba. Na hapo mteja harudi kuniambia kitu, anakwenda kuwaambia wenzake kisimani. Sasa tazama hizi nyota. "Mzigo umefika salama, bado sijauwasha, nyota tano." Bado hujauwasha! Mwingine katoa nyota moja kwa sababu kondakta alimjibu vibaya. Kondakta na spika wapi na wapi? Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi nilikuwa nimecheza ngoma ya kila mtu isipokuwa yangu.

Nikaacha waliofurahi sana, nikaacha waliokasirika sana. Nikaanza kutafuta mtu mmoja tu anayesema alikuwa anasikiliza nini. Nilimpata chini kabisa, kwenye spika ndogo isiyo na sifa, ametoa nyota mbili kwa shingo upande. Alilalamika hivi: haina besi, muziki umepooza, labda inamfaa mtu wa mawaidha na taarifa ya habari, tena inakera, unasikia mpaka mtu anapomeza mate.

Nilicheka peke yangu kibandani. Mpaka akimeza mate! Ndugu yangu nisiyekujua, huyo huyo ndiye ninayemtafuta. Nikaagiza siku ile ile.

Tulikutana kwa baba baada ya swala ya alasiri. Mdogo wangu miguu imemvimba, ameiweka juu ya stuli ile ile iliyokuwa ya redio. Baba nilimwamkia, "Shikamoo, baba," akaitikia, "Marahaba," bila kunitazama. Alitaka kukaa nje.

"Mnataka kusikia nini zaidi?" akasema. "Redio yangu ilitosha."

"Redio yako imekufa, baba."

"Basi." Akavuta kiti mpaka mlangoni, nusu ndani nusu nje, akakaa.

Nikachomeka flashi. Mkwaruzo ulikuwepo, lakini mwembamba, umekaa pembeni kama mgeni mwenye adabu. Na mama akaingia chumbani.

Siwezi kulisema vizuri zaidi ya hivyo. Nilisikia ulimi wake ukigusa meno. Nilisikia akivuta pumzi kabla ya kuuliza "nani?" mara ya pili. Mdogo wangu akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Nikataka kusema "Abee, mama."

Halafu nikasikia wanachekelea. Nyuma ya mama, wanawake wengi. Na mama mwenyewe, ukali wake ulikuwa umezidi kidogo, umevutwa, kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Tukafika pale ambapo kidole cha baba kilikuwa kinabonyeza kila Idi. Safari hii hakukuwa na kidole. Kaseti ikaendelea.

Mwanamke mmoja akapaza sauti: "Mtani, umempatia! Koma, utamwamsha marehemu!" Vicheko vikapasuka. Mwanamume akasema mpeni chochote huyu Mmakua atulie, atatumaliza.

Nilimgeukia baba. Alikuwa anatazama uani.

Huku kwetu sihitaji kumweleza mtu, ila nitasema kwa ajili ya wa mbali. Sisi Wamakonde na Wamakua ni watani, na mtu akifa kwetu, mtani ndiye anayekuja kuutegua msiba. Anavaa kanga ya marehemu, anatembea mwendo wake, anagomba ugomvi wake, mpaka waliokuwa wanalia wanashika mbavu. Akiwa mtani hodari, watoto wanakimbia. Ile haikuwa siku ya mjomba kujaribu redio. Ilikuwa arobaini ya mama.

"Baba," nikasema, na sauti yangu ilikuwa mbaya. "Huyu ni nani?"

Kwenye spika mtoto alikuwa ameanza kulia. Mtoto mchanga, kile kilio chembamba cha koo lililokauka. Vicheko vikafifia. Bibi yetu, nilimjua kwa kikohozi chake, akasema, "Mpokeeni mtoto jamani, analilia mama yake." Baada ya hapo nilisikia hata kuku wa siku ile wakiparua.

Na ile sauti ikarudi. Haikugomba tena. Haikuvutwa wala kuzidishwa, ilikuwa ndogo, ya mtu aliyeinama.

"Nyamaza, mwanangu. Nyamaza. Nipo. Nimeteremka maji tu, sasa napanda."

Mtoto akakwama katikati ya kilio.

"Nipo, mwanangu. Sasa napanda."

Akavuta kwikwi, akavuta nyingine, akanyamaza. Katika mkusanyiko wote ule hakuna aliyecheka. Kisha tukasikia sauti nyingine kabisa, nzito, ya mwanamke tusiyemjua, Mmakua hasa kwa matamshi yake: "Jamani, mpokeeni, mimi siwezi." Akaanza kulia. Mkwaruzo, kisha pakakatika.

Nilisimama. Sioni haya kusema kwamba nilimpandishia sauti baba yangu mzazi. "Umetufanya wajinga! Kila Idi! Tumemlilia mama kumbe tunamlilia mtani!" Na lililokuwa linanichoma sikulisema, kwamba ile sauti ya nyuma ya shingo yangu, niliyoishi nayo na kuigeukia, niliyoiita kumbukumbu, sikuwahi kuitoa kwa mama. Niliitoa kwenye kaseti. Ya mama yenyewe nilikuwa sina hata moja. Nilipekua kichwa changu pale pale nimesimama, nikakuta hamna kitu, na mtu aliyenifuata miaka yote alikuwa mgeni aliyevaa kanga yake.

"Huyo mtani yu wapi?" nikauliza.

"Naye kafa zamani," baba akasema. "Ulipotoka Masasi nilikuwa naisikiliza peke yangu. Hukuwa mbali. Uliposikia nani kaacha pipa wazi, ukatoka mbio mpaka uani, ukalifunika pipa. Ukarudi unahema, ukaniambia, 'Baba, mwambie nimeshafunika.' Sasa mwanangu, ningekwambia nini?"

Nikakaa chini.

Mdogo wangu hakuwa ametutazama hata mara moja. Alikuwa anaitazama ile spika ndogo.

"Mtoto anayelia ni mimi?"

"Ni wewe," baba akasema. "Ulikuwa hulali. Tunakupitisha mikono kwa mikono, hutaki ziwa la mtu, hutaki kubembelezwa na mtu. Siku ile ulilala mpaka tukaogopa, tukawa tunakuwekea kiganja puani."

"Dada, rudisha pale ninapolia."

"Mdogo wangu, acha. Umesikia mwenyewe kwamba si mama."

"Rudisha."

Nikarudisha. Alijisikia akilia, akajisikia akikwama, akajisikia akinyamaza. Alikuwa ameweka mikono miwili juu ya tumbo lake.

"Wewe ulikuwa Masasi," akasema taratibu, kama anayemweleza mwanafunzi. "Baba alikuwa na majonzi, atakubali chochote. Hao wengine walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa nimetoka tumboni mwake juzi, nilimsikia miezi yote, sikujua sauti nyingine. Ningemnyamazia mtu baki?"

Baba alivua kofia yake, akaishika mapajani. Katika wote waliowahi kuisifia ile sauti, yule mtoto peke yake ndiye aliyekuwa anamjua mwenyewe, na alikuwa hajajifunza kudanganya.

Tangu siku ile simu yangu inaniletea ujumbe: umeipendaje spika, tafadhali toa nyota. Najaribu. Naandika, nafuta. Nikitoa tano, mtu wa muziki atanunua anitukane. Nikisema inatoa kila kitu, hata vile ambavyo baba yako alikuficha kwa huruma, nani atanielewa? Nimeacha.

Mdogo wangu alishikwa uchungu asubuhi. Nilipofika hospitali nikakuta ameshaingizwa leba, nikaambiwa nikae nje kwenye benchi la wodi ya wazazi pamoja na wanawake wenye mabeseni. Nilikaa. Niliomba dua zote ninazojua, nikazirudia, na nyingine nikazichanganya. Jua lilikuwa limeshapinduka pale nesi alipotoka akaniambia niingie, mama mzima, mtoto mzima, wa kike.

Nilisema alhamdulillahi mara sijui ngapi. Nikaifuata korido nikiwa nalia na kucheka kama mwendawazimu. Kabla sijafika kwenye pazia, nikasikia mtoto analia ndani, kile kilio chembamba. Na nyuma ya pazia ile sauti ikamjibu.

"Nyamaza, mwanangu. Nipo. Nilikuwa nimeteremka tu, sasa nimepanda."

Nilisimama pale pale. Si sauti ya mdogo wangu ninayoijua mimi, ya darasani, laini. Ilikuwa ile. Ulimi ule ule kwenye meno, pumzi ile ile. Labda aliitoa kwenye spika, alikuwa anaisikiliza kila siku. Labda aliitoa kwa yule Mmakua, siku ile ya arobaini. Labda ilikuwa ndani yake tangu zamani, inasubiri mtoto. Sijui, na hakuna wa kuniambia.

Mtoto akavuta kwikwi, akanyamaza. Mimi nikabaki nimesimama nje ya pazia, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu sauti ile ilikuwa mbele yangu, si nyuma ya shingo.

"Abee, mama," nikasema, nikafungua pazia.